Je, uwanja mpya wa AFCON utaiinua Arusha kiuchumi? Tukae na hesabu

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Tangu tarehe 27 Septemba 2023, siku ambayo CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2027, imekuwa kawaida kusikia majukwaani kwamba uwanja unaojengwa Olmoti utafungua uchumi wa Arusha. Naomba tuijadili kauli hiyo kwa hesabu, ushabiki tuuweke kando kidogo. Sipingi mpira, wala sipingi Arusha kupata uwanja wa maana, kwa sababu mji wenye hadhi yake umetegemea Sheikh Amri Abeid, uwanja wa chama, kwa miongo mingi. Ninachopinga ni kuita uwekezaji jambo ambalo, ukiliangalia kwa jicho la mhasibu, ni huduma ya jamii kama bustani au maktaba. Bustani hatujengi ili itulipe, kwa hiyo tunaitengea fungu la kuitunza. Uwanja ukishaitwa uwekezaji, kila mtu hudhani utajitunza wenyewe, na fungu la matunzo halitengwi.

Tuanze na gharama. Mkataba na kampuni ya China Railway Construction Engineering Group ulisainiwa Machi 2024 kwa zaidi ya shilingi bilioni 280, na uwanja utakuwa na viti 30,000. Gawanya upate zaidi ya shilingi milioni tisa kwa kila kiti. Sasa chukulieni kwamba nyasi, taa, majitaka, ulinzi, viti vinavyovunjwa na mabomba yanayoziba vitakula asilimia 2 tu ya gharama ya ujenzi kila mwaka. Hilo ni dhana yangu na anayetaka aibadilishe, lakini kwa dhana hiyo tunazungumzia shilingi bilioni 5.6 kwa mwaka. Uwanja ukijaa pomoni na kila shabiki akilipa 5,000, ambayo ni bei tuliyoizoea ya mzunguko, yaani viti vya kawaida, makusanyo ni milioni 150. Hata kama kila senti ingebaki kwa mwenye uwanja, zingehitajika zaidi ya mechi 37 za kujaza ili kulipia matunzo pekee. Na kila anayejua mgao wa mapato ya mlangoni anafahamu kwamba senti zote hazibaki: kuna VAT, kuna klabu, kuna shirikisho, kuna waamuzi. Tukiupa uwanja asilimia 15 ya makusanyo, idadi hiyo inavuka mechi 240. Timu moja ya Ligi Kuu hucheza mechi 15 za nyumbani kwa msimu mzima, na hadi msimu wa 2025/26 Arusha haina timu hata moja katika ligi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba faida ya uwanja haiko mlangoni, iko nje: kwa mama lishe, kwa machinga wa jezi, kwa bodaboda na kwa wenye guest. Hoja hiyo ni nzito na inastahili kujibiwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo inayowashawishi watu wengi, na kwa sababu anayeitoa kwa kweli ameona kitu kwa macho yake. Nenda Temeke, Dar es Salaam, siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga. Kuanzia saa nne asubuhi barabara ya kuelekea Uwanja wa Mkapa imejaa jezi zilizotundikwa kwenye nguzo, maji ya kandoro, karanga, mishikaki, vijana wanaokopesha N-Card, kadi ya kuingilia uwanjani, kwa wasio nayo. Fedha zinabadilishana mikono mbele yako, na ni vigumu kuamini kwamba uchumi haukui.

Swali ni moja tu: fedha hizo zingekuwa wapi kama mechi isingekuwepo? Shabiki wa Tabata ana shilingi 20,000 ya kustarehe Jumamosi. Akienda Temeke, anatoa nauli, tiketi, chipsi mayai na soda mbili, kisha anarudi mfuko mtupu. Asipoenda, fedha ileile anaitumia Tabata: kwenye kibanda umiza, kwenye baa ya jirani, kwa muuza kitimoto au kwa kinyozi. Mama lishe wa Temeke amepata, wa Tabata amekosa, na ukiwajumlisha wote wawili mkoa haukuongezeka shilingi. Fedha mpya kwa mji ni ile tu inayotoka nje ya mji na isingekuja bila mechi. Hata hiyo, sehemu yake huondoka usiku uleule, pamoja na mwenye basi, mwenye kiwanda cha soda na msambazaji wa jezi, ambao hawaishi hapo.

Hayo si maneno yangu ya kijiweni. Wachumi wa Marekani John Charles Bradbury, Dennis Coates na Brad Humphreys walipitia tafiti zaidi ya 130 zilizofanyika kwa miaka 30 kuhusu viwanja na timu za kulipwa, na walichokikuta karibu kila mahali ni kwamba ajira na kipato cha wenyeji havisogei kwa kiasi kinachokaribia fedha za umma zilizotolewa. Mwaka 2017, jopo la wachumi wa vyuo vikuu vikubwa vya nchi hiyo waliulizwa kama gharama ya ruzuku za viwanja kwa walipakodi huenda ikazidi faida kwa wenyeji, na zaidi ya asilimia 80 walikubali. Kumpata mchumi anayekubaliana na mwenzake ni kazi. Kuwapata wengi kiasi hicho kwa jambo moja ni nadra mno. Tena Marekani uwanja wa besiboli unatumika siku 81 za ligi kwa mwaka. Sisi tunashindania siku 15.

Kwa Afrika, Cape Town inatutosha. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, mji ule ulijenga uwanja wa Green Point kwa takriban randi bilioni 4.4, wakati Newlands, uwanja wa raga uliokuwa ukitumika, upo kilomita chache kutoka hapo. Baada ya fainali, timu ya raga iligoma kuhama Newlands, na mji ukabeba hasara ya makumi ya mamilioni ya randi kila mwaka. Raga ilihamia mwaka 2021, yaani miaka 11 baadaye. Durban ni kichekesho zaidi: uwanja mpya wa Moses Mabhida ulijengwa ukitazamana na Kings Park, uwanja wa raga ambao uliendelea na raga yake kama kawaida. Wageni waliofika Afrika Kusini kwa ajili ya mashindano yale walikuwa takriban 309,000, ilhali makadirio ya mwanzoni yalivuka 400,000.

Jambo moja la Arusha sijaona likijadiliwa popote. Ardhi ya Olmoti na pembezoni mwake imepanda bei, hilo halina ubishi. Nani amefaidika? Aliyekuwa na shamba pale, na dalali. Halmashauri ingeweza kurudisha sehemu ya faida hiyo kupitia kodi ya majengo, lakini tangu 2021 kodi hiyo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja, ambacho tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyo mita 200 kutoka uwanja wa mabilioni inalipa sawa na nyumba isiyo na barabara kabisa. Umma umelipia kupanda kwa thamani ya ardhi, kisha umejifungia mlango wa kupata sehemu yake.

Karibuni kwa hoja. Nakaribisha zaidi wenye tarakimu.

Mkazi wa Njiro

Mkuu mleta mada, heshima yako. Mada ni nzuri, ila naona umeitazama Arusha kwa darubini ya Dar es Salaam. Mimi nipo kwenye utalii, na naomba kutofautiana nawe kwa mambo mawili.

La kwanza, mfano wako wa Tabata na Temeke unahusu mji unaojilisha wenyewe. Arusha si hivyo. Shabiki wetu anatoka Moshi, Babati, Karatu, Singida, na akitaka Nairobi anavuka Namanga asubuhi na mchana yupo hapa. Machi 2025 Coastal Union, timu ya Tanga, ilimkaribisha Simba hapa Arusha. Aliyetafuta chumba cha bei nafuu siku ile Kaloleni au Levolosi anajua alichokutana nacho. Zile zilikuwa fedha za wageni, si za Tabata kwenda Temeke.

La pili, unapima uwanja peke yake, lakini kilichokuja si uwanja peke yake. Barabara, maji, umeme na mitaro ya upande ule vingesubiri bajeti hadi wajukuu wetu waote mvi. Mashindano yameweka tarehe, na serikali yoyote ikiwekewa tarehe na wageni hufanya kazi. Sisi wakazi tunachukua tunachopata.

Niongeze pia kwamba kuna thamani ya jina. Mtalii wa Ulaya analijua Serengeti, lakini Arusha kwake ni mahali pa kubadilisha gari.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Njiro, nashukuru kwa hoja yenye nyama. Nianze na mechi ya Coastal na Simba kwa sababu umenisaidia bila kujua. Mechi ile ilichezwa Sheikh Amri Abeid, katika uwanja uleule wa zamani. Kilicholeta wageni ni Simba. Kwa hiyo kama lengo ni kujaza guest za Levolosi, njia ya bei nafuu ilikuwa kukarabati ulichonacho na kuishawishi timu ije, na tulishaona kwamba timu huja.

Tazama pia kwamba ilikuwa Machi. Wewe wa utalii unajua kuliko mimi kwamba Machi kuelekea masika vyumba vinaanza kubaki wazi, hivyo mgeni wa mpira alilala kwenye kitanda ambacho kingekuwa kitupu. Hiyo ni fedha mpya, nakubali bila masharti. AFCON yenyewe imepangwa katikati ya mwaka 2027, na hapo ndipo penye tatizo. Juni na Julai ni wakati nyumbu wanaelekea kuvuka mto Mara, Warusi, Wamarekani na Wajerumani wameshalipia safari mwaka mmoja kabla, na magari ya safari hayapatikani hata kwa kukodi kwa jirani. Shabiki wa Senegal akichukua chumba Julai, anachukua chumba ambacho mtalii wa siku saba za Ngorongoro na Serengeti angekilipia zaidi, pamoja na dereva, mpishi na ada ya hifadhi. Atakuwepo pia mtalii atakayesikia habari za msongamano na akaahirisha kuja, na huyo hatumhesabu kwa sababu hatumuoni. Wachumi wa mashindano makubwa wamelisema hili kwa miaka mingi kuhusu miji ya kitalii: mgeni wa mpira hajiongezi juu ya mgeni wa kawaida, mara nyingi humsukuma.

Kuhusu barabara nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ila hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inasema kwamba faida imo kwenye barabara na mitaro, na kwamba uwanja ni kisingizio cha kuvipata. Nikikupa kila kitu ulichokitaja bila viti 30,000, ungekuwa umepoteza nini kiuchumi?

Mhasibu wa Eldoret

Hamjambo nyote. Nawafuatilia kutoka upande wa pili wa mpaka, na naona nyinyi mna nafuu ambayo hamjaitambua: wenu mnaulipa kwa bajeti. Wetu tumeukopea.

Uwanja wa Talanta pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, una viti 60,000 na unajengwa kwa hatifungani ya shilingi bilioni 44.79 za Kenya, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, ya miaka 15 kwa riba ya takriban asilimia 15. Piga asilimia 15 ya bilioni 44.79 na utapata karibu bilioni 6.7 kwa mwaka deni likiwa zima. Gawanya kwa viti na kila kiti kinadaiwa takriban shilingi 112,000 kwa mwaka. Hata ukiujaza uwanja mara 25 kwa mwaka, jambo ambalo hakuna klabu ya Kenya imewahi kulikaribia, kila tiketi ingepaswa kuleta karibu shilingi 4,500 ili kulipa riba tu, wakati tiketi ya ligi yetu ni shilingi mia kadhaa na bado watu huruka ukuta.

Watetezi wake husema kwamba mlipakodi haguswi, kwa kuwa deni litalipwa na Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Hazina hiyo inapata fedha zake wapi? Kwa sehemu kubwa ni kutoka kodi za michezo ya kubashiri na bahati nasibu. Anayelipa ni kijana wa Kisii, wa Kitale na wa Kilifi anayeweka shilingi hamsini kwenye simu yake akitumai kupata elfu tano. Uwanja uko Nairobi. Mpango wa kutoa fedha kwa maskini wa kaunti 47 na kuzipeleka kando ya Ngong Road sijui unaitwaje kwa lugha ya wachumi, lakini hakika si maendeleo ya mashinani. Na kila shilingi inayokwenda kwa wenye hatifungani ni shilingi ambayo hazina hiyo haitaipeleka kwenye kiwanja cha shule au kwa timu ya wilayani.

Nizungumzie Iten, maana ipo karibu nami na inafundisha. Mwanariadha Lornah Kiplagat alianzisha pale kituo cha mazoezi ya nyanda za juu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hakuna jukwaa la watu elfu ishirini wala VIP. Kuna vyumba, chakula, chumba cha mazoezi, na mwinuko wa takriban mita 2,400 ambao Mungu ametoa bure. Mkimbiaji wa Uholanzi au Uingereza anakuja akakaa wiki nne au sita. Analala, anakula, anafuliwa nguo, anamlipa kijana wa kumsukuma mbio asubuhi, na akirudi kwao anawaambia wenzake. Huyo ndiye mgeni wa michezo anayeongeza kitu kwenye mji mdogo. Halafu tazama serikali ilivyofanya katika mji huohuo: ilichukua uwanja wa Kamariny, ule wa vumbi ambao mabingwa wa dunia wamekimbilia, ikaubomoa ili kuujenga upya, na kazi ikakwama kwa miaka. Wanariadha wakapoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho.

Mkazi wa Njiro

Mzee wa Eldoret, mfano wa Iten umeniingia, na kwetu si mgeni: wakimbiaji wetu wengi, akiwemo Alphonce Simbu aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo Septemba 2025, wamefanya mazoezi huku huku Arusha. Ila uwanja wa Olmoti umeshasimama. Kulia kwamba usingejengwa hakumsaidii mtu. Mleta mada, ungepewa funguo leo ungefanya nini?

Mleta mada

Swali la haki, na nitalijibu bila kuzunguka.

Kwanza ningetaka kuona hati inayosema nani anaulipia baada ya kipenga cha mwisho, kama ni wizara au jiji, na kwa fungu lipi. Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007 kwa msaada mkubwa wa China, na ilipofika 2023 ulihitaji ukarabati wa takriban shilingi bilioni 31. Kazi hiyo iliufunga kwa vipindi virefu, Simba na Yanga wakahamia KMC Complex na Chamazi. Na huo ndio uwanja wenye watani wawili wakubwa wa Afrika Mashariki kama wapangaji. Sijui nani atasema kwa uso mkavu kwamba wa Arusha, usio na mpangaji, utahitaji matunzo pungufu ya hayo.

Pili, mpangaji asakwe sasa, kabla ya mashindano. Cape Town walijenga kwanza, wakabembeleza baadaye, na aliyebembelezwa ndiye aliyepanga bei. Coastal Union waliwahi kuja. Fountain Gate wako Babati, safari ya saa chache. TMA Stars na Mbuni ni timu za hapahapa zilizocheza Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Timu mojawapo ikipewa mkataba wa miaka 10 wenye kodi ndogo na sharti la kucheza mechi zake zote pale, uwanja unakuwa na siku 15 za uhakika. Ni chache, lakini ni zaidi ya sifuri.

Tatu, kalenda yote ya matukio isukumwe kwenye Machi, Aprili, Mei na Novemba, miezi ambayo vyumba vina nafasi. Makongamano ya dini, kambi za timu za taifa za vijana, michezo ya majeshi, matamasha. Julai na Agosti uwanja ufungwe nyasi zipumzike, watalii waachiwe mji wao. Najua mwanasiasa atapenda tamasha Agosti kwa sababu hali ya hewa ni nzuri, lakini kila tukio la Agosti linashindana na safari za Serengeti, na Serengeti inalipa vizuri zaidi.

Nne, ardhi. Eneo la umma lililobaki kuzunguka uwanja lisigawiwe viwanja vya makazi na vya hoteli kwa bei ya halmashauri. Lipangishwe kwa mnada, kwa muda maalumu, na mapato yake yaingie moja kwa moja kwenye akaunti ya matunzo ya uwanja, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ya thamani iliyoongezeka ambayo umma bado unaweza kuikamata.

Kama kuna mtu humu mwenye mchoro wa mipango miji wa Olmoti, unaoonyesha ni ekari ngapi zimebaki mikononi mwa jiji, auweke hapa tuendelee kutoka hapo.